Mashua ya Mtu Mmoja au ya Wawili?

Dada mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie mawazo, maana yangu nimeyatumia yote na bado nimesimama pale pale. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na moja, mstaafu wa miezi mitano, na kwa miaka thelathini na minne nilikuwa fundi wa lifti, kazi ya kushinda ndani ya shimo refu lenye giza na tochi mdomoni, unapaka nyaya grisi na kusikiliza mota, na watu wakifika ghorofa ya tisa salama hakuna anayejiuliza nani kawafikisha, nami sikulalamika, kazi ni kazi. Mke wangu ni mkunga katika hospitali kubwa ya mji wetu, naye karibu maisha yetu yote amefanya zamu ya usiku, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa kukutana mlangoni, mimi natoka na begi la spana, yeye anaingia na viatu mkononi ili asiwaamshe majirani wa chini, namwambia "chai iko kwenye chupa", ananiambia "leo wamezaliwa sita", basi, mazungumzo yetu ya siku yamekwisha. Hatujawahi kugombana, dada. Watu hutusifia kwa hilo. Binti yetu, ambaye sasa ameolewa na yuko mbali, aliwahi kusema sisi ni kama askari wawili wa lindo moja, mmoja akifika mwenzake huondoka, akacheka, nasi tukacheka.

Sasa nikueleze kilichonipata. Miaka kumi na moja iliyopita niliitwa kutengeneza lifti ya hoteli iliyo kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu. Chumba cha mota kilikuwa juu kabisa ya paa, kichumba cha joto chenye dirisha dogo kama sinia, na nilipokuwa nasubiri breki ipoe nikapeleka uso pale dirishani kutafuta hewa. Nikaona tanga. Tanga moja jeupe, dogo kwa umbali ule, likipita katikati ya maji kwa utulivu ambao sijui niulinganishe na nini, labda na mtu anayefikiria jambo zuri na hana haraka ya kulisema. Sauti hakuna. Mimi niliyeishi na kelele za mota tangu ujana wangu nikaona kitu kikubwa kuliko gari kinakwenda, na hakuna kinachokisukuma ila hewa ile ile niliyokuwa naitafuta dirishani. Nilisahau breki. Mlinzi alipanda ngazi zote zile kuja kuniuliza kama nimekufa.

Tangu siku hiyo nachora mashua. Nachora nyuma ya fomu za kazi, kwenye kalenda, hata kwenye vumbi la mlango wa lifti kwa kidole. Nimesoma kila kitu nilichoweza kupata, najua mkuku ni nini, yaani ule uti wa mgongo ulio chini ya mashua unaoizuia isiende upande, najua omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, najua kwamba mashua haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka bali huenda kwa kubisha, kipande kulia, kipande kushoto, mpaka inafika. Na kapi na kamba, hayo ndiyo mambo yangu ya siku zote, ni lifti tu iliyolazwa ubavu. Wakati mwingine nikiwa nimekaa sebuleni mchana, mke wangu amelala chumbani, pazia linajaa upepo na kutulia, linajaa na kutulia, na mimi nipo lakini sipo.

Nilipostaafu nikaanza kwenda ziwani kweli. Namsubiri mke wangu apate usingizi, nafunga mlango taratibu, naondoka na kigari chetu, narudi kabla hajaamka. Akiniuliza nilikuwa wapi namwambia nilikwenda kumsaidia rafiki kutengeneza pampu ya maji. Rafiki huyo hayupo, dada. Pampu pia haipo.

Huko nimepata mashua mbili, zote zinauzwa na kila moja ina tela lake la kuvutwa na gari, maana kwetu ziwa liko mbali na mashua italala chini ya jengo letu. Ya kwanza ni ya mwalimu mmoja mstaafu. Ni ndogo, haifiki mita nne, nyepesi kiasi kwamba watu wawili wanaibeba kama meza, ina tanga moja, na nafasi yake ni ya mtu mmoja. Kigari changu kinaivuta bila kuhema. Mwalimu aliniruhusu niijaribu karibu na ufuko, akasimama maji ya kiunoni akinielekeza kama mtoto wa darasa la kwanza, na upepo uliposhika tanga na ile kamba ikakaza mkononi mwangu, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, hadi Mwalimu akaanza kucheka naye bila kujua tunacheka nini.

Ya pili ni ya mzee mmoja na mkewe ambao magoti yamewakataa. Hiyo ni mita sita na zaidi, ina kijumba mbele, na ndani kuna vitanda viwili vyembamba vinavyotazamana, kijiko cha mbao kwenye msumari wake, na mapazia ya maua. Nilikaa kwenye kimojawapo cha vitanda vile na kusikia maji yakigonga mbao kwa nje, taratibu sana, nikamwona akilini mke wangu amelala upande wa pili, mchana kweupe, na mimi namtazama, kwa sababu kwa miaka yote hii sijamwona mke wangu akilala bila mimi kuwa navaa viatu. Yule bibi mwenye mashua akaniuliza, "Mkeo anapenda maji?" Nikamjibu, "Sana." Dada, mke wangu hajawahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Hajui hata kuogelea. Na mashua hiyo ina mkuku wa chuma usiopanda wala kushuka, nzito, kigari chetu hakiiwezi, itabidi tutafute gari lenye nguvu, na ule mteremko wa zege wa kushushia vyombo ulio upande wetu wa ziwa una kina kidogo.

Nilikuwa bado natafakari ndipo likatokea la kunivunja. Mke wangu naye anastaafu miezi miwili ijayo. Jumamosi moja alasiri nilirudi na mkate, nikafika kwenye korido, nikamsikia chumbani anaongea na dada yake kwa simu. Akasema, "Hapana, dada. Nikistaafu nataka nikae peke yangu. Nimehudumia watu vya kutosha." Nilisimama pale na mkate wangu. Sikuingia wala sikuuliza. Nilishuka tena ngazi, nikakaa garini mpaka mkate ukapoa.

Tangu hapo moyo wangu umeelekea kwenye ile ndogo. Nikamwambia Mwalimu nitampa jibu mwisho wa mwezi. Lakini Alhamisi iliyopita mke wangu akakuta suruali yangu imeloa hadi mapajani, ina majani ya ziwani mfukoni, akaishika kwa vidole viwili akaniuliza, "Pampu ya rafiki yako inavuja hivi?" Nikasema, "Inavuja sana." Akacheka kidogo, cheko moja fupi, akavaa sare yake akaenda kazini. Cheko lile sijalielewa hadi leo.

Hela si tatizo, kiinua mgongo changu kinatosha kununua mojawapo. Tatizo ni kwamba nikifumba macho naiona ile ndogo ikipaa juu ya maji na mimi ndani yake nimekuwa mwepesi kama nyoya, nikifumbua namwona mke wangu anapanda ngazi na viatu mkononi. Nichukue ipi, dada? Na nimwambie, au niache maji yalale?

Ni mimi,
Fundi Lifti

*

Ndugu yangu Fundi Lifti,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kuhurumia na mara ya pili kwa hasira. Nitaanza na hasira ili iishe.

Umepima urefu wa mashua, umepima uzito, umepima nguvu ya gari na kina cha mteremko, umekaa hadi kitandani kwa watu. Mkeo hujampima hata kwa swali moja. Miaka thelathini na ushee ndani ya nyumba moja, unasikia maneno yake nusu, kupitia ukutani, tena yeye akiongea na mtu mwingine, kisha unashuka ngazi kwenda kumhukumu ndani ya gari ukiwa na mkate? Ungekuwa unatengeneza lifti hivyo watu wangekufa. Lifti ikilia ulikuwa unafungua mlango na kutazama ndani. Kwa mkeo umesikia mlio, ukakimbia.

Na hiyo pampu! Mkunga huyo anatazama nyuso za waongo kila siku: kina mama wanaosema hawaumwi, kina baba wanaosema walikuwa njiani. Wewe na majani yako mfukoni ungemdanganya nani? Cheko lile mimi nimelielewa nikiwa huku mbali. Ni cheko la mtu anayesubiri uache upuuzi.

Basi, hasira imekwisha. Sasa nikuambie kwamba ndoto yako si dhambi. Wapo wanaostaafu wakakaa dirishani kuhesabu magari hadi wanakufa. Wewe umetunza jambo moja zuri kwa miaka kumi na moja, hukulinyima maji, na ulipopata nafasi ukalifuata kwa miguu yako. Nakuheshimu kwa hilo. Na pale uliposema unataka kumwona mkeo akilala mchana, nilivua miwani kidogo.

Kuhusu mashua, mimi naziona kwa picha tu, kwa hiyo nilimpigia simu binamu yangu ambaye kazi yake ni kufundisha watu tanga. Nilimsomea barua yako akaguna mara nyingi. Hii ndogo, anasema, ni tamu kama ulivyoona, lakini ni ya mtu mwepesi mwenye magoti mapya: ikipinduka, na itapinduka, utapaswa kuisimamisha ukiwa majini na kuipanda upya, peke yako, na wewe una miaka sitini na moja na hukumtaja mtu yeyote anayejua uko wapi. Umekuwa ukienda ziwani kwa siri, kaka. Ungezama, mkeo angekwenda kukutafuta kwenye pampu.

Ile kubwa nayo ni nyumba ya kuvutwa. Kuisimamishia mlingoti, kuifunga kamba na kuishusha majini ni kazi ya asubuhi nzima, na binamu yangu anasema ameona mashua nyingi za namna hiyo zikiota majani juu ya matela yao, kwa sababu mwenyewe akikumbuka kazi ile anaahirisha, wiki hadi wiki. Mkuku usiopanda unataka maji ya kina na gari lenye nguvu. Wewe huna vyote viwili.

Kwa hiyo usinunue hata mojawapo. Tafuta ya kati. Mita nne na nusu hivi, pana kiuno ili isiyumbe mtu akisimama, wazi bila kijumba, yenye viti vya watu wawili kukaa bega kwa bega, na badala ya mkuku wa chuma iwe na ubao wa katikati unaopandishwa kwa kamba, ili maji ya magotini yatoshe. Iwe na hewa iliyofungiwa ubavuni ili hata ikijaa maji ielee. Uzito wa kukokota upime pamoja na tela, nanga, makasia na vikorokoro vyote. Watu hupima mashua tupu halafu gari linawashinda mlimani. Kagua tela kwa makini kuliko mashua: beringi, matairi, kutu, maana mashua nyingi hufia barabarani. Gonga sakafu kwa kidole kila mahali, panapoitikia kwa uvivu pameoza. Kabla hujasimamisha mlingoti tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Na kama ninyi wawili hamwezi kuiandaa kwa nusu saa, iacheni, hamtaitumia.

Umesikia nilivyosema? Ninyi wawili. Umeandika kwamba mashua haiendi moja kwa moja kuelekea upepo, hubisha. Lugha yetu ina neno hilo hilo kwa mambo matatu: chombo hubisha upepo, watu hubishana, na mgeni hubisha hodi. Ninyi hamjawahi kubishana na unajisifu kwalo. Mimi ningeliogopa. Nenda ukabishe hodi kwenye nyumba yako mwenyewe.

Fanya hivi. Siku atakayokuwa na mapumziko, asubuhi, akiwa ameshalala akaamka, weka michoro yako yote mezani, hata ile ya nyuma ya fomu. Mwambie pampu ilikuwa uongo. Mwambie ulisikia nini koridoni na kimekuuma vipi. Kisha nyamaza, umwache aongee hadi amalize, hata kama hupendi anachosema. Akikubali kwenda, mpeleke siku ya upepo mdogo, mkodi mashua ya watu pamoja na mwalimu wa tanga, mvae jaketi za kuokolea zilizofungwa vizuri, nusu saa tu, kisha mrudi. Na ajifunze kuogelea. Nawe pia, maana hukusema kama unajua. Akikataa maji kabisa, asilazimishwe. Nunua chombo chako uende, lakini uende ukiwa umeaga.

Mwalimu mpigie leo umwambie hapana. Usimweke mtu roho juu hadi mwisho wa mwezi.

Mshauri wako

*

[Barua hii tumeipokea miezi mitano baadaye. Tunaichapisha kwa idhini ya aliyeiandika.]

Kwako dada mshauri,

Mimi ndiye mkunga. Lile toleo la gazeti lilisomwa kwa sauti kwenye chumba chetu cha chai wodini, asubuhi tukikabidhiana zamu, na wenzangu walicheka hadi wakashika ukuta. Mmoja akasema, "Huyu fundi wa pampu angekuwa wangu ningemmiminia ndoo." Mimi nilikunywa chai yangu nikatazama dirishani. Nilimjua kwenye mstari wa pili.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa mezani amevaa shati la wageni, na michoro imejaa meza nzima, mingine imekunjika, mingine ina alama za grisi. Nikasema moyoni, hakusubiri hata siku ya mapumziko. Sikumwambia nimesoma. Mama akiwa kwenye uchungu humwambii kwamba kichwa umeshakiona. Unamwacha afanye kazi yake. Basi akafanya. Alikwama kwenye pampu, akakwama tena kwenye mkate, lakini alifika mwisho. Ndipo nikatoa gazeti kwenye mkoba nikaliweka juu ya michoro. Sijawahi kumwona mtu mzima akiona haya kiasi kile.

Kuhusu maneno ya koridoni: dada yangu alikuwa amepanga nikistaafu nihamie kwake nikamlelee wajukuu wanne, na anapopanga jambo huwezi kumkatalia kwa maneno laini. Hiyo ndiyo maana yake. Lakini kwa kuwa wewe umesema watu waseme kweli, nilimwambia mume wangu pia kwamba kweli kidogo ilikuwemo. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa sijui mchana mzima pamoja naye nitaufanya nini. Akasema na yeye pia. Tulibishana siku hiyo, dada, kwa mara ya kwanza, kuhusu nani aliyeanza kunyamaza. Majirani wa chini walipunguza redio ili wasikie.

Ziwani nilikwenda kwa sharti moja, kwamba nikisema turudi, tunarudi. Binamu yako, tuliyempata kupitia gazeti, alitupeleka. Dakika kumi za kwanza nilishika ubavu wa mashua kwa mikono miwili na kusali, za pili nikashika kwa mkono mmoja. Kisha akanipa usukani nishike kidogo, na nikahisi kitu kikitetemeka taratibu kwenye kiganja, kitu kilicho hai, na mkono wangu ukajua wenyewe lini ukaze na lini uachie. Kazi yangu imekuwa hiyo. Nilisahau kusema turudi.

Mashua tuliyonunua ni ya tatu tuliyoikagua. Ya kwanza viti vyake vilikuwa chini mno kwa magoti yangu. Ya pili mume wangu aliipenda hadi akaanza kuisemesha, rangi mpya, kamba mpya, lakini mimi nilipiga magoti nikaipapasa sakafu polepole kama tumbo la mama wa wiki thelathini na sita, na karibu na mlingoti kidole changu kikazama. Mwenye nayo akatazama viatu vyake. Hii yetu ni ya kijani kilichofifia kama chupa ya dawa, tanga lake lina viraka viwili, na tunaiandaa kwa dakika ishirini na tano. Kigari chetu kinaivuta kikinung'unika kwenye milima tu.

Nahodha ni mimi. Yeye anashika kamba za tanga. Ana haraka, anataka kugeuza kabla ya wakati, na mimi namwambia, "Subiri. Subiri. Bado. Sasa!" na mashua inageuka kama mtoto anayejua njia. Ananitii. Wenzangu wodini hawaamini.

Ninachotaka kukuandikia hasa ni cha wiki iliyopita. Tulikuwa mbali na ufuko, ilikuwa kama saa nne asubuhi, upepo ukaisha. Haukupungua, uliisha. Tanga likaning'inia kama shuka iliyoanikwa, maji yakawa laini hadi milima ikaonekana ndani yake ikiwa imepinduka, na ndege mmoja akapita chini, akakutana na kivuli chake, akaendelea. Mume wangu akanyoosha mkono kuchukua kasia. Kisha akaliacha. Akaegemea, miguu yake ikagusa yangu, na tukakaa hivyo, hatuendi popote, jua likitupasha migongo, kwa muda ambao sikuupima.

Akaniuliza, "Unafikiria nini?"

Katika miaka yote niliyoolewa naye hakuwahi kuniuliza swali hilo. Nilifikiri kidogo, kwa sababu jibu lilikuwa refu, na lilikuwa la siku nyingi. Kisha nikaanza kumwambia. Nilimwambia hadi upepo ukarudi, na uliporudi hatukuugeuzia tanga mara moja, maana nilikuwa sijamaliza.

Nilichomwambia, dada, nisamehe. Hicho si cha gazeti.

Mkunga mstaafu